Kilio cha Nyuma ya Nyumba

Leo nimemsikia jini, na nusura nimuue.

Nipo kwangu Mapinga, mchana kweupe lakini wingu limetanda, mvua inapiga bati kama imetumwa. Mimi na ujuba wangu nikaweka filamu ya kutisha. Peke yangu!

Umeme ukakatika.

Filamu imezimika, na kilio cha mtoto nilichodhani ni cha filamu hakijazimika. Mtoto anaendelea kulia.

Nyuma ya nyumba, jamani. Na kwa mvua hii kule hakuna mtoto.

Sisi wa pwani tumelelewa hivi: sauti usiyoijua usiiitikie. Nikatia komeo, nikasoma Ayatul Kursi. Kilio kikazidi, nami nikazidisha sauti. Nimeisoma hadi mate yamekauka, kilio kikafifia, kikanyamaza.

Nikasema alhamdulillahi, limeshindwa.

Mara mama mkwe, ndiyo kwanza anarudi kutoka kwa jirani, anagonga mlango wa uani.

"Mwanaidi! Toka, komba anakufa maji huku!"

Komba, yule mnyama wa minazini anayelia kama kichanga. Katumbukia kwenye pipa tunalokingia mvua, maji yamemfika puani. Mama akashusha ncha ya kanga yake, komba akaing'ang'ania kwa vidole kama vya mtu. Tukamkausha jikoni. Macho yake yote kwangu. Mvua ilipopungua akarukia mnazi, huyoo.

Mama anacheka mpaka sasa. Mimi sicheki, na si kwa kuogopa jini.

Semeni kweli, nyie mngefungua mlango?

Maana pipa lile ndilo wanalochezea watoto wa jirani. Na mimi kilio kiliponyamaza nilishasema alhamdulillahi.