Mgeni Aliyekatazwa Kusifu

Mpaka leo sijui ni kitu gani kilimpata mtu wa Ohio akawapenda Waingereza kiasi kile. Na si Waingereza wenyewe, maana Uingereza hajapata kukaa. Alipita uwanja wa ndege tu, kwa muda wa saa nne, akanunua biskuti. Aliokuwa akiwapenda ni waimbaji wao wa siku hizi, vijana wa magitaa na mabinti wa kuimba kwa pumzi. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza chuoni kwetu hapa Ibra, Omani, mimi niko ofisi ya usajili, na kila akija kuchukua orodha ya wanafunzi alinisimulia bendi mpya. Nikamwuliza, kwani kwenu Marekani hakuna muziki? "Upo," akasema, "lakini sisi tunapiga kelele kwa furaha. Wale wanapiga kelele kwa haya." Sikumwelewa, nikampigia muhuri karatasi zake.

Siku moja akaja na bahasha ya posta, ndani mna kaseti sita. Kaseti, jamani! Mimi za kwangu nilizitupa zamani. Akanieleza kwamba bendi za huko zimerudi kutoa kaseti na mashabiki wanazigombania. Nikamwuliza anazisikilizia wapi. Hana redio. Kanunua hatamu na punda hana! Nikacheka mpaka machozi, kisha, kwa domo langu hili, nikasema, "Kwa mama yangu iko redio ya kaseti, na inafanya kazi." Hapo ndipo nilipojitia matatani.

Mama yangu alitoka Unguja msichana. Mimi nimezaliwa huku huku. Redio yake ni ya milango miwili ya kaseti, rangi ya fedha, ameifunika kitambaa cha kufuma kwa mkono, na mtu haigusi ila yeye. Mwalimu alikuja Ijumaa baada ya alasiri, akavua viatu mlangoni, akasema "Shikamoo" kama nilivyomfundisha. "Marahaba mwanangu," mama akasema, akanigeukia: "Huyu kafunzwa adabu kwao." Nikaona mambo mazuri. Sikuwa nimefikiria tabia moja ya Wamarekani.

Mmarekani husifu. Hawezi kukaa mahali dakika tano asisifu. Akashika fenjani ya kahawa, akaigeuzageuza: "Loo, nzuri hizi, nazipenda!" Mama hakungoja tafsiri, Kiingereza cha kiasi hicho anacho tangu skuli. "Zako," akasema. Kwetu mgeni akisifu kitu, mwenye nyumba humpa. Siku hizi wengi wanasema "chako" kwa mdomo tu, mgeni anakataa mara tatu, yanakwisha, kila mtu kaonekana mkarimu. Mama hana ukarimu wa mdomo. Akisema chako, kitu kinafungwa. Na Mmarekani hajui kukataa mara tatu. Anakataa mara moja, kisha anashukuru kwa moyo mkunjufu. Siku ile akaondoka na fenjani sita ndani ya gazeti.

Ijumaa ya pili akasifu chetezo cha udi, akaondoka nacho. Ijumaa ya tatu akaniangalia mimi. "Kofia yako," akasema, "kazi ya ajabu!" Kofia ile ya viua alinishonea shangazi yangu wa Sur, miezi minane, macho yake yote yaliishia humo. Mama akanitazama. Nikaivua. "Yako, karibu," nikasema, na wallahi sauti haikuwa yangu.

Huku kaseti zinachezwa. Ya kwanza ilikuwa ya vijana wanne ambao, kwa maelezo ya mwalimu, hawaimbi, wanasema. Mmoja anasema na wenzake wanapiga magitaa juu yake. Mwalimu kafumba macho, kidole hewani: sikilizeni, anasimulia habari ya kungoja basi na duka lililofungwa, na humo mna huzuni ya mji mzima! Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole, "Huyu anaimba au anagombana na mwenye nyumba?"

"Mama anasema kijana ana sauti ya nguvu," nikatafsiri.

Ya pili ilikuwa ya binti, ananong'ona peke yake ndani ya mwangwi. "Maskini," mama akasema, "wamemrekodi hospitali?" Nikatafsiri kwamba sauti yake inatia huruma, na mwalimu akaniambia mama yangu ana sikio la ajabu. Kazi ya ukalimani ina thawabu zake.

Ya tatu ilikuwa ya mvua. Mwalimu alieleza kwamba muziki wa Uingereza huwezi kuufahamu bila ya mvua: mtu kaachwa, yuko dirishani, chai imepoa, nje kunanyesha. Nje kwetu lilikuwa joto la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mama akashindwa kujizuia. "Mvua inanyesha, na wao wanalia?" Huku likidondoka tone moja watu wanapakia watoto na birika la kahawa garini, wanakwenda kuutazama wadi, ule mto mkavu, ukishuka maji. "Mvua ni rehema. Waambie watuletee sisi, wao wakae wafurahi." Hilo nililitafsiri kama lilivyo, na mwalimu akacheka mpaka akamwaga kahawa.

"Waingereza nawajua mimi," mama akaendelea, maana alisomeshwa nao Unguja. "Hawasemi kilichomo moyoni hata nyumba ikiungua. Sasa ndo wamejificha nyuma ya gitaa waseme?"

Mwalimu nilipomfikishia maneno haya akapiga goti lake. "Ndiyo! Hasa! Miaka natafuta namna ya kulisema hilo!" Wakatazamana, bibi wa Unguja na mtu wa Ohio, wamekubaliana juu ya Waingereza ambao wote wawili wako mbali nao. Mimi nikaona nimekuwa tarumbeta tu la kupitishia maneno.

Lakini tokea siku ya kofia nilikuwa na jambo moja moyoni, nalo lilininyima raha. Ndani ya mtoto wa meza, chini ya redio, mama ana kaseti yake moja. Ni ya harusi ya Unguja, wanawake wanaimba, wanapiga makofi na sinia, na anayeongoza ni mama yangu mdogo, mdogo wake mama, aliyebaki kule na kufia kule. Mama aliileta aliporudi kutembea kwao mara ile moja tu, nami mdogo nimeachwa kwa shangazi. Nakala ya pili haiko duniani. Niliwahi kutaka kuinakili kwenye simu, mama akakataa. "Simu zenu mnazibadilisha kila mwaka," akasema. "Unataka na mamako mdogo umbadilishe?"

Kaseti ile nilijua iko siku itakuwa yangu. Nani mwingine? Na sasa kila Ijumaa anakuja mtu mwenye ulimi wa kusifu, anakaa hatua mbili nayo, na mtu mwenyewe maradhi yake ni kaseti. Nikajisemea, huyu akiisikia tu, imekwenda Ohio.

Basi nikamweka kitako garini nikamweleza mila yote. Maskini alipauka. Akataka kurudisha fenjani, chetezo, kofia. Nikamwambia kurudisha ni tusi kubwa zaidi, wewe nyamaza tu tokea leo. Na kuhusu kaseti moja ya mama, ikichezwa, tafadhali, hata neno moja. "Hata kama nzuri?" akauliza. Nikamwambia, ikiwa nzuri ndo kabisa.

Ijumaa ile mama alikuwa kavaa vizuri kuliko siku zote. Walipomaliza Waingereza akafungua mtoto wa meza mwenyewe. "Mwambie," akaniambia, "Ijumaa zote hizi nasikiliza vyake. Leo asikilize changu." Akaitia kaseti.

Naijua kama nyumba yangu. Makofi, sinia, vigelegele, kisha sauti ya mama mdogo inaingia, nyembamba, kavu kidogo, haina haraka. Katikati anasahau maneno. Anacheka. Wenzake wanaendelea kupiga, mtu mmoja karibu yake anamnong'oneza neno, naye analidaka na wimbo unakwenda. Ilipokwisha, mama akazima, akamgeukia mwalimu, kanyosha mgongo kama mwanafunzi anayengoja majibu ya mtihani.

Mwalimu akatazama zulia. Uso umemwiva, midomo kaibana.

"Mbona kanyamaza?" mama akaniuliza.

"Kachoka, mama."

"Kachoka." Akakirudisha kitambaa chake juu ya redio taratibu. "Vijana wake wa kugombana na mwenye nyumba anawasifu mpaka mate yanamkauka. Dada yangu, hata ahsante."

Aliingia ndani, hakutuaga. Siku nne hakunisemesha zaidi ya salamu. Chai yangu ikawa inakuja baridi. Nikajipa moyo: hasira zitapita, kaseti imebaki. Siku ya tano nikamkuta kitandani mwake, kaseti iko mkononi, anaipangusa kwa ncha ya kanga. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, kama mtu aliyepika akaona wageni wamesukuma sahani. Nikashindwa. Nikamweleza yote, kwamba mimi ndiye niliyemfunga mtu mdomo.

Nilidhani atanigombeza. "Mlete," akasema, "na umfungue."

Ijumaa ikafika, kaseti ikachezwa tena, nami mwenyewe nikamwambia mwalimu, sema. Alisema! Alisema kwamba anaposahau na kucheka, wimbo unaanguka naye anaudaka kabla haujagusa chini. Akasema wale wake wa Uingereza hukaa studio miezi na mafundi chungu nzima wakitafuta kosa lisikike kama la kweli, na huyu bibi kakosea kweli na kosa likawa ndiyo wimbo. Akasema angeweza kuzitoa kaseti zake zote sita kwa kicheko kile kimoja. Nilitafsiri kila neno, sikupunguza. Mama alisikiliza kaweka mkono kifuani.

"Chako," akasema.

Kaseti ikafungwa kwenye leso. Mwalimu akanitazama kwa hofu, nami, niliyemwambia kurudisha ni tusi, nikamwashiria aipokee. Alipoondoka nikamgeukia mama, na sauti ilinipanda. "Mama, umempa mtu baki sauti ya mama mdogo! Na mimi je?"

"Wewe?" akasema. "Umri wako wote unaisikia. Umeisifu lini?"

"Mimi naipenda, mama. Unajua."

"Unaipenda kimoyomoyo. Ya kimoyomoyo nitayajuaje?" Akainuka kwenda kutia udhu. Mlangoni akageuka. "Na usihuzunike. Redio hana. Ataichezea wapi, kama si hapa?"

Kweli, kila Ijumaa akaja na leso yake, mila yetu ikapata mgeni wa kudumu, na mama akanenepa kwa sifa. Lakini mikataba ya walimu huisha. Joto la tende kuiva lilipoingia, mwalimu akapata barua yake, akaja kuaga. Kavaa kofia yangu, tena kaivaa upande.

Walisikiliza Waingereza mara ya mwisho. Alipomaliza yule kijana wa kusema, mama akavuta pumzi. "Huyu mgomvi," akasema kwa Kiingereza chake cha skuli, polepole, "mzuri sana." Mwalimu akaruka. "Chako!" akasema, kwa Kiswahili, na kaseti ikaingia mkononi mwa mama, wote wawili wanacheka.

Kisha akatoa leso mfukoni. Akaifungua, akaitoa kaseti ya mama mdogo, akaiweka juu ya zulia. Si mbele ya mama, mbele yangu. Akakunja mikono akangoja. Mama naye akatazama redio yake.

Nikafahamu: nisifu, nipewe. Nina miaka hamsini na mbili, nimetafsiri maneno ya watu mwaka mzima, na langu moja sijapata kulisema. Nikajaribu kuchekesha, hapana aliyecheka.

"Pale anaposahau," nikasema mwishowe, kwa Kiswahili, nimeinama. "Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakuja kukaa nyuma ya mlango, mama, ukiicheza. Kila siku naogopa, leo hatakumbuka, leo itakatika. Kisha yule mtu anamnong'oneza, anakumbuka, na mimi ndo napata kwenda kulala. Nzuri, mama. Hakuna kitu kizuri nilichopata kukisikia kama kile."

"Chako," mwalimu akasema. Sidhani alifahamu hata nusu ya maneno yangu.

Nikaishika. Mama alikuwa anafuta macho kwa kanga, hajifichi.

"Yule anayemnong'oneza," akasema, "ni mimi. Miaka yote hiyo hujaniuliza."

Mwalimu akaniuliza mama kasema nini. Sikuweza kumtafsiria.