Nani Yumo Kwenye Sanduku la Chuma

Asubuhi ile ya Jumatatu Twaha alirudi kutoka lindoni kama siku zote. Alikuwa mlinzi wa godauni la mitumba, kazi aliyoipata biashara zilipofunguliwa na marobota yakaanza kumwagika mjini. Usiku kucha anazunguka na tochi. Alfajiri anaswali, anakabidhi funguo, anarudi Mburahati kwa miguu.

Tunu, mkewe, alikuwa keshaamka. Kikaango cha vitumbua kiko motoni. Kitanda amekitandika nusu, kwa kuwa nusu ya pili haikuwa na haja ya kutandikwa. Ndivyo alivyokuwa miaka yote. Yeye hulala upande wa ukutani, na upande wa mumewe haugusi, hata joto liwe la kuua mtu. Wenziwe walimcheka kwamba ana kitanda kikubwa na analala kama aliyelazwa juu ya ubao. Huwajibu kwamba mwenye upande wake yuko kazini.

Alimmiminia chai. Akamchagulia vitumbua vilivyoungua kidogo pembeni, maana Twaha alivipenda hivyo. Kisha akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akamsogelea, akanong'ona ijapokuwa ndani walikuwa wao wawili tu. Akamwambia nani yumo kwenye sanduku la chuma.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Televisheni zilipoingia mjini, bosi wa godauni alinunua mpya, ya zamani akampa Twaha. Ikawa televisheni pekee katika mtaa wao. Kila Alhamisi, baada ya Isha, watu walijaa ukumbini mpaka barazani kutazama mchezo mmoja wa Kizungu ambao mtaa uliuita Waliolala. Ni habari ya watu waliokimbia dunia yao, wakajenga mji juu ya mwezi wa mbali, wakalala ndani ya masanduku ya vioo wakingoja nchi nyingine ipatikane. Wanalala miaka mia. Aliye macho ni mzee mmoja tu, anayezunguka kwenye korido na taa mkononi, anawachungulia mmoja mmoja. Masanduku yote ni ya vioo na kila aliyelala anaonekana. Lakini mwisho wa korido lipo moja la chuma. Halijafunguliwa tangu mchezo uanze, na mzee akilifikia husimama, hulipangusa vumbi, hupita.

Nani yumo? Mtaa mzima uligawanyika. Isack kinyozi, ambaye ndiye aliyekuwa akiwatafsiria Kiingereza, alishikilia kwamba yumo adui, na siku likifunguliwa watakwisha wote. Vijana walisema dhahabu. Sadallah, kaka yake Tunu, alisema ni jini, na kwamba wanaomtazama jini Alhamisi usiku wajue wanachokitafuta. Lakini hakukosa hata Alhamisi moja. Felicitas, fundi cherehani wa nyumba ya pili, alisema yumo mke wa yule mzee, alikwisha kufa zamani na mumewe hakubali kuzika. Alilisema hilo akaweka na kiapo.

Tunu hakusema kitu. Yeye Kiingereza hakijui hata salamu. Alitazama nyuso, na mtu akizungumza humnyamazisha kwa kidole. Felicitas alikuwa Mnyamwezi, Tunu Mzaramo, watani wa jadi, basi hawakuachana. Felicitas akimwambia Mzaramo hana jibu kwa kuwa kichwa chake kimejaa ngoma. Tunu akimjibu kwamba jibu analo, atalitoa siku ya mwisho, Mnyamwezi apate pa kuuficha uso.

Sasa mchezo ulikuwa kwenye msimu wa mwisho, na kipande cha mwisho kabisa kilikuwa Alhamisi ya wiki ile. Isack alikuwa ametangaza kibandani kwake kwamba sanduku litafunguliwa.

Kwa hiyo Tunu alipokwisha kunong'ona, alimwapisha mumewe asimwambie mtu mpaka Alhamisi, na hasa asimwambie Felicitas. Twaha akasema sawa. Alikuwa na usingizi. Akapanda kitandani upande wake, Tunu akachukua kikapu akaenda soko la Mabibo kutafuta ndizi.

Alilala ana mke. Akaamshwa mjane.

Waliokuwa naye sokoni walieleza kwamba alikuwa anabishana bei na muuza ndizi, anacheka. Akashika ukingo wa meza. Akaomba maji. Maji yalipofika, mwenyewe hayupo. Wakamrudisha kwa gari la mizigo, amefunikwa kanga ya mtu asiyemjua.

Twaha alikaa ukingoni mwa kitanda, akawauliza kama ndizi zimepatikana. Wakatazamana. Akauliza tena. Sadallah akamshika mkono, akamwambia Tunu amekufa. Twaha akaitikia kwa kichwa, akaenda jikoni kutazama. Moto ulikuwa umezimika. Vitumbua viwili vimefunikwa kwa sahani, vile vya kuungua. Akarudi, akakaa palepale, na tangu hapo hakutoa neno. Watu wakampa pole, akawatazama midomo. Hakulia pia. Wazee wakaanza kuogopa.

Televisheni ikafunikwa kanga, kama ilivyo ada ya nyumba ya msiba.

Kesho yake, jeneza likiwa limeinuliwa, waliotangulia wakakuta mlango umezibwa. Felicitas amelala kizingitini, amejifunga kanga za marehemu, ndala za marehemu miguuni, kikapu kile cha sokoni kichwani. Hiyo ndiyo haki ya mtani, na hakuna wa kumwondoa. Akainuka nusu, akaenda hatua kadhaa kwa mwendo wa Tunu, wa kuvuta mguu wa kushoto. Akanyoosha kidole cha Tunu kuwanyamazisha wanaume. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Kisha akalala tena.

Sadallah akatoa senti za kumwinua, kama desturi inavyotaka. Felicitas akazitupa mchangani.

"Sitaki senti zenu. Mzaramo huyu kaondoka na jibu langu. Nimemvumilia misimu mitatu. Nani yumo? Nisipoambiwa, hapa hapiti mtu, azikwe ukumbini na televisheni yake."

Wazee wakambembeleza. Wakaongeza senti. Akajinyoosha vizuri zaidi, akauliza kama wana mto. Jua lilikuwa linapanda, mabega yamechoka, na kila mtu akijua kwamba jibu lenyewe limekwenda na mwenye nalo.

Hapo Twaha akafungua mdomo.

"Ameniambia," akasema. "Lakini kasema Alhamisi."

Hata waliobeba jeneza walisahau uzito. Felicitas akainuka taratibu, akakaa, akamtazama Twaha, na utani ukamtoka usoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Hakutegemea. Alikuja kumcheza rafiki yake, kumbe rafiki yake bado ana neno.

"Basi nitakungoja, shemeji," akasema. "Na wewe usife. Ukifa kabla ya hapo nitakufukua." Akaondoka mlangoni, jeneza likapita.

Siku zile Twaha alikaa jamvini na wanaume. Kitandani hakukwenda. Lile neno alilishika kama mtu aliyebeba maji viganjani. Lilikuwa kitu cha mwisho cha Tunu ambacho kazi yake haijaisha. Likishasemwa, hakutabaki kitu. Alitaka Alhamisi isifike.

Ikafika. Hitima ikasomwa, ubwabwa ukaliwa. Baada ya Isha watu wakaanza kupungua. Huyu anakwenda kutazama watoto, yule kakumbuka dawa. Sadallah alisema anatafuta sigara, naye havuti. Twaha alijua wanakokwenda. Ipo baa Sinza yenye televisheni kubwa. Hakuwalaumu. Alibaki na kanga ile iliyofunika televisheni, akaitazama kama wenzake walivyokuwa wakitazama yao.

Walirudi kimya. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyecheka. Isack alipita barazani bila kutoa salamu.

Asubuhi ya Ijumaa, saa zile ambazo angekuwa anarudi kutoka lindoni, Felicitas aliingia. Hakuleta utani. Alikaa juu ya mbuzi ya Tunu, mikono mapajani. Akaeleza. Yule mzee alifika mwisho wa korido kama kawaida, akalipangusa lile sanduku vumbi. Halafu akalifungua mwenyewe. Baa nzima ilisimama.

"Tupu, shemeji. Hamna mtu. Si adui, si jini, si mke wa mtu. Kuna godoro na mto. Mzee akatabasamu, mchezo ukaisha hapohapo. Watu wamepigwa na bumbuwazi. Isack anasema Wazungu wametuchezea miaka yote hii, ati hawakujua wamalizeje. Sie sote tumekosa. Mie nimeshindwa kabisa, na sina wa kunicheka."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga.

Godoro na mto. Jumatatu ile alilisikia neno la Tunu kwa masikio ya mtu mwenye usingizi. Alidhani ni habari ya televisheni. Akageuza uso taratibu, akatazama chumbani. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kiko vilevile, upande wa ukutani umetandikwa, na huu wa pili, wa kwake, uko wazi, mto juu yake.

Felicitas alimwona anakitazama kitanda. Akadhani amemwumiza, akataka kuondoka, akasema jibu si kitu tena, liache tu lipumzike naye. Twaha akamshika upindo wa kanga, akamrudisha chini. Machozi yalikuwa yameanza, yale yaliyongojwa na wazee tangu Jumatatu, na hakuyafuta.

"Kaa," akasema. "Leo nimechelewa siku moja, lakini nitalitoa kama alivyolisema, sipunguzi, siongezi. Alisema hivi: 'Mume wangu, sanduku lile halina mtu. Ni la yule mzee anayezunguka na taa. Wenziwe walilala wakamwachia nafasi yake, siku akichoka kulinda naye ajue pa kulala.'"