Makopo Mawili ya Maharagwe

"Amebadilisha vitu viwili, mwalimu. Hata siku za kupanda hazifanani." Dada yangu alisema hivyo mbele ya darasa zima, kidole kwenye makopo yangu ya maharagwe. Wakacheka wote. Siku hiyo masomo yangu yaliisha, yake yakaanza.

Tulikuwa wa baba mmoja, karibu na Homa Bay. Mama yake ndiye mikayi, mke mkubwa. Wangu wa pili. Mwalimu alikuwa anatafuta msichana mmoja, mmoja tu, wa kupeleka shule ya bweni Kendu Bay. Akatupa jaribio: makopo mawili, udongo ule ule, maji yale yale, siku ile ile. Moja likae kwenye mwanga, lingine lifunikwe kwa chungu. "Kitu kimoja tu kibadilike," alisema.

Jioni nikapanda la mwanga. Kabla sijashika la pili, mikayi akanikuta.

"Wewe wa nyumba ndogo, unapanda kabla yetu? Unataka kutuletea mkosi?"

Kwetu nyumba kubwa hupanda kwanza, na nilijua. Basi nikangoja dada apande. Akajilaza. Kichwa, eti. Siku tano kichwa! Ya sita akaamka mzima, akapanda yake yote mawili, ndipo nikaruhusiwa la pili.

Ningemwaga la kwanza nianze upya. Lakini mche ulikuwa umeshatoboa udongo, na nilifurahi kuona niko mbele yake. Hilo nalikubali, ingawa linaniuma.

Baada ya wiki mbili, mche wake wa gizani ulikuwa mrefu, mweupe, umelegea. Wa mwanga mfupi, kijani. Miche yangu miwili ililingana urefu, maana wa mwanga ulitangulia kupandwa.

"Kwa hiyo giza na mwanga ni sawa?" mwalimu akaniuliza. Nikamweleza habari ya mikayi. Akacheka mpaka chaki ikamponyoka. "Kumbe hata kopo lina mke mkubwa!"

Ndipo dada akasimama.

Leo dada ni mwalimu huko Migori, anavaa viatu vya ngozi, anafundisha jaribio lile lile. Mimi nakata miwa Awendo. Mama yako alishika mila, dada, huyo namwachia. Wewe nataka unijibu, mbele ya hao wanafunzi wako: zile siku tano, kichwa kilikuwa kinakuuma kweli?