Meno ya Mtu Yeyote

Mtaani walimwona fundi wa meno kuwa na maringo. Alipita barabarani macho mbele, hasalimu mtu mpaka asalimiwe, na hata hapo jibu lake lilikuwa fupi. "Yule anajisikia," walisema wenye maduka. "Kutengeneza meno ya bandia tu, utadhani kaumba ya kweli." Walimwonea. Fundi hakuwa na maringo hata ya kuazima. Alikuwa na sharti, na sharti hilo alimwambia kila mteja kabla hajaketi kitini: "Ukitoka kwenye mlango huu, mimi na wewe hatujuani. Tukikutana njiani, ukitaka kunisalimia nisalimie. Mimi sitakuanza." Na kwa kuwa nusu ya watu wazima wa mtaa ule walikuwa wamepita kwenye kiti chake, ilimbidi awanyamazie nusu ya watu. Kisha, ili nusu ile isije ikajulikana kwa kunyamaziwa, akawanyamazia wote.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mshonaji: kiti cha mteja kilichochanika mgongoni, meza yenye makovu ya moto wa kuyeyushia nta, mashine ndogo ya kusagia iliyolia kama nyigu, na vumbi jeupe la plasta kila mahali, hata kwenye nyusi zake. Rafuni yalikaa mataya ya plasta ya wateja, yote yamegeuziwa ukutani, ili mtu akiingia asiuone mdomo wa jirani yake. Hata mkewe, aliyemfulia makoti yake ya kazi tangu waoane, hakuwahi kuambiwa taya hili ni la nani na lile ni la nani. Alishachoka kuuliza.

Kazi yenyewe ilikuwa na kisirani chake. Mshonaji akitoa gauni zuri, mvaaji atazunguka nalo mji mzima akimtaja. Fundi wa meno akifanya kazi nzuri, mteja anakufa nayo moyoni. Nani atasimama kwenye foleni ya benki aseme, jamani, haya si yangu, nimetengenezewa na fulani? Kadiri fundi alivyokuwa hodari, ndivyo alivyozidi kutojulikana. Halafu ikafunguliwa kliniki ya kisasa barabara kuu, ina vioo mpaka chini na ukurasa mtandaoni unaong'aa kuliko vioo vyenyewe, na wateja wakaanza kuelekea huko. Kuna asubuhi fundi alikuwa akifagia karakana iliyokwisha kufagiwa.

Hapo ndipo alipoingia mpwa wake, binti wa dada yake, aliyesomea masoko na kujiajiri kutangaza kazi za wataalamu mtandaoni: mawakili, wahasibu, madaktari wa macho. Usidhani alikuwa mtu wa mchezo. Kazi yake aliijua.

"Mjomba, siku hizi mtu akitafuta wakili anatafuta kwenye simu. Akitafuta daktari, kwenye simu. Usipokuwemo humo, basi hupo."

"Na siri za watu?"

"Nani kakwambia tutatoa siri za watu? Hakuna jina, hakuna sura. Kazi tu."

Hakuna jina, hakuna sura. Fundi aliyageuza maneno hayo kichwani kama anavyogeuza jino kwenye nta, akayaona hayana kasoro.

Wakati huo juu ya meza palikuwa na seti ya meno ya juu ya Bi Bashasha. Huyu alikuwa mshereheshaji. Harusi, mahafali, uzinduzi wa duka, ukitaka watu wacheke unamwita yeye. Mabango yake yalijaa kwenye nguzo za mji, amecheka kwelikweli, mwanya katikati ya meno ya mbele na jino moja la pembeni limempanda mwenzake kidogo. Watu walisema mwanya ule ndio unaomlisha. Ugonjwa wa fizi ulipomwingia, meno yalilegea moja baada ya jingine mpaka hospitali wakayatoa yote ya juu, na mumewe yuko safarini kikazi. Katika ukoo mzima aliyejua ni mdogo wake wa kike tu. Alikuja kwa fundi amejifunga mtandio mdomoni, picha yake ya zamani mkononi.

"Nataka haya haya," alisema nyuma ya mtandio. "Na mwanya wake. Mume wangu akirudi asijue."

"Usiku inabidi uyavue, mama. Fizi zipumzike."

"Siwezi, fundi. Nitalala nayo."

Fundi aliifanya kazi ile kwa mapenzi. Kule kwenye vioo wangempa meno yaliyonyooka kama ya tangazo la dawa ya mswaki. Yeye aliutazama mwanya kwenye picha kwa kioo cha kukuzia, akaupima, akaupima tena. Lile jino la pembeni alilipinda kwenye nta, akalinyoosha, akalipinda upya mpaka likakaa kama lilivyokaa mdomoni tangu usichana. Hata unjano kidogo wa chai aliutia. Bi Bashasha alipoyavaa na kujitazama kwenye kioo alicheka, akalia, kisha akacheka tena. "Ni mimi," alisema. Fundi alitamani kumwambia mtu, na hakuwa na wa kumwambia.

Ila meno yale yalikwisha kupigwa picha. Siku moja kabla mwenyewe hajaja kuyachukua, mpwa aliyaweka juu ya kitambaa cheusi, akavuta pazia, akatafuta mwanga, akapiga. Kisha akampa mjomba wake simu aikague. Fundi aliikagua picha ile kama mlinzi anavyomkagua mtu getini: akatafuta jina, hakuna, akatafuta sura, hakuna. Ameyashika meno mikononi maisha yake yote, na kwake yalikuwa kazi ya mikono, si uso wa mtu. Na tusimpake mafuta: alijisikia. Kwa mara ya kwanza alitaka watu waone.

"Weka," alisema.

Mpwa aliiweka baada ya majuma machache, pamoja na nyingine za kazi mbalimbali. Fundi mwenyewe alikuwa na simu ya vitufe, ya kupiga na kupokea basi, kwa hiyo habari ilimfikia kwa mdomo wa mshonaji, aliyeingia mchana na utepe wa kupimia shingoni, amejishika mbavu kwa kicheko.

"Jirani, umevuma! Ona mwenyewe!"

Chini ya picha mpwa alikuwa ameandika: Nani atajua kama ni ya bandia? Wa kwanza kujibu aliandika: Mbona huu mwanya naujua? Wa pili hakuandika kitu. Aliweka tu bango la Bi Bashasha kando ya picha ile, mwanya kwa mwanya, jino lililopinda kwa jino lililopinda. Chini yake vicheko vilishuka mpaka kidole cha mshonaji kikachoka kuvisukuma.

Fundi alikaa kwenye kiti cha wateja. Angeyatengeneza ovyo, nani angeyatambua? Angemtilia meno ya kawaida kama wanavyofanya wenzake, picha ile ingepita kama picha yoyote. Uhodari wake wote ulikuwa pale kwenye simu ya mshonaji, na watu walikuwa wakiusifu.

"Niambie tu, ni yeye?" mshonaji aliuliza, sauti ameishusha. "Mimi ni kaburi, unanijua."

"Sijui unamsema nani."

"Aa, basi nimeelewa," mshonaji alisema, akatoka akitabasamu.

Mpwa aliifuta picha mchana ule ule. Alikuja analia, na fundi hakuwa na moyo wa kumgombeza, kwani neno "weka" lilitoka mdomoni mwake mwenyewe. Kufuta hakukusaidia. Picha ilishahamia kwenye makundi ya simu ya majirani, ya wazazi wa shule, ya wafanyakazi wa benki, na huko hakuna mwenye mkono wa kufika.

"Nitakwenda kwake nimwombe radhi," fundi alisema.

"Mjomba, ukionekana mlangoni kwake ndiyo umethibitisha."

"Basi andika kwamba si yake."

"Hakuna mahali tulipomtaja. Tukiandika si yake, tumemtaja sisi."

"Nimpigie?"

"Nimeshajaribu. Kafunga simu."

Ulimi wa fundi ulikuwa na kazi moja tu duniani, kutosema, na sasa kila asichosema kilisikika. Akikana, anadanganya na haaminiki. Akikaa kimya, wanatikisa vichwa kwamba ni kweli. Alishika patasi yake ndogo ya nta, akaiweka, akaishika tena. Hakukuwa na kitu cha kuchonga.

Na kisichosemeka ni hiki: wateja walirudi. Walianza kumiminika. Walikuja hata kutoka miji mingine, wakiwa na picha ile kwenye simu zao. "Wewe ndiye uliyemtengenezea yule mama? Basi mimi nataka hivyo hivyo, yaani mtu asijue." Aliwatazama kama watu waliochanganyikiwa. Aliwahudumia, afanyeje? Lakini kila alipotamka sharti lake la mlangoni, wengine walitabasamu kwa adabu.

Mshonaji ndiye aliyeleta habari za harusi. Bi Bashasha alikuwa ameshika kipaza sauti, hajasema hata neno, kijana mmoja wa upande wa bwana harusi akapaza sauti kutoka nyuma: "Mama, yashike yasianguke!" Ukumbi ukaangua kicheko. Yeye, aliyejua kumjibu mlevi na kumtuliza mkwe mwenye hasira, alifunga mdomo, akamkabidhi mpiga muziki kipaza sauti, akaondoka.

Baada ya hapo alikuja mdogo wake. Aliingia asubuhi, akafunga mlango nyuma yake, akaweka mezani kikopo cha plastiki chenye maji. Ndani yake kulikuwa na seti ya juu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Yeye hajambo?"

"Hajambo gani?" Alikaa. Hakuwa na hasira, na fundi aliutamani ugomvi. "Shemeji amerudi. Hakumpiga, hakumtukana. Alimwita sebuleni akamwambia, hebu cheka. Dada akacheka. Akamwambia, cheka tena. Akamtazama weee, kisha akasema, kumbe nacheka na kitu cha dukani. Tangu siku hiyo dada hacheki."

Fundi alikivuta kikopo karibu yake.

"Amenituma ubadilishe. Huu mwanya uuzibe. Na hili lililopinda ulinyooshe."

"Hatafanana na mwenyewe."

"Ndivyo anavyotaka. Akipita njiani wasimtambue kwa meno."

"Basi aje mwenyewe. Lazima nione anavyouma, nione fizi. Najua panapomuuma, ni huku juu kushoto, nilipanga kumsugulia meno kidogo kila wiki yasimchome. Aje hata kwa mlango wa nyuma."

"Haji, fundi. Haji hapa tena."

Mashine ya mshonaji ilisikika upande wa pili wa ukuta, ikaacha. Fundi alijua anasikiliza, akapunguza sauti.

"Nimtilie meno ya namna gani?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Kasema yoyote. Ya mtu yeyote."

Fundi aligeuza taya la plasta la Bi Bashasha kutoka ukutani, akafanya kazi bila mwenyewe, kwa kukisia. Aling'oa meno ya mbele aliyoyapanga kwa kioo cha kukuzia, akatia mengine kutoka kwenye boksi, meupe, yamenyooka, yameshikana bega kwa bega. Haikuwa kazi ngumu. Mwanafunzi angeiweza. Mpwa wake alisimama mlangoni akitazama, simu iko ndani ya mkoba, na hakuna aliyemwambia aitoe. Mdogo mtu alipokuja kuyachukua, aliyatazama kwenye mwanga wa dirisha akasema ni mazuri. Fundi akamrudishia na ile picha ya zamani.

Fundi alimwona Bi Bashasha mara moja tu baadaye, mbele ya duka la dawa. Alikuwa amebeba mfuko, amekonda, na fundi hakumjua kwanza. Muuza dawa alimtania kitu, akatabasamu kidogo, na meno yale yakaonekana, mazuri, ya mtu mwingine kabisa. Upande wa kushoto mdomo ulivutika kwa maumivu, pale pale fundi alipopajua. Angeyasugua kwa dakika chache, angempa nafuu.

Bi Bashasha aligeuka. Macho yao yakakutana. Fundi alisimama wima katikati ya njia, watu wakimpita, akimngojea amtukane, au amsalimie, lolote atakalo, maana yeye sharti lake halikumruhusu kuanza. Bi Bashasha alifunga mdomo, akahamishia mfuko mkono wa pili, akapita kama watu wasiojuana.