Kinga ya Mshika Mbwa

Kwa miaka kumi na moja hakuna mbwa aliyetibiwa katika kliniki ile ya mifugo bila mikono yake. Wenzake kazini wakamwita dada huyo Mshika Mbwa, na jina likamkaa. Mdogo wake, aliyeajiriwa juzijuzi tu, aliosha vizimba.

Wafanyakazi wote walichanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, na damu zao hupimwa kuona kinga imebaki kiasi gani. Safari hii kinga ya mdogo mtu ilikuwa juu, ya Mshika Mbwa imeshuka chini ya kiwango. Daktari akamkataza kugusa mbwa mpaka achomwe sindano nyingine na kupimwa tena. Nafasi yake akapewa mdogo wake.

Roho ilimuuma. Alisugua vizimba huku akichungulia dirishani: mdogo wake kalikumbatia shingo jibwa jeusi, daktari anamsifu. Tumbo moja, sindano ileile, vipi damu ya mwenzake ichape kazi na yake ilale? Hata chai hakunywa naye.

Siku ya sindano alimmwagia muuguzi yote.

"Kwani damu yangu mbovu?"

Muuguzi akamwelewesha taratibu. Virusi vilivyomo kwenye chanjo vimeshauawa, haviwezi kuzaliana wala kumtia mtu ugonjwa. Chembe nyeupe za damu huvimeza, huonyesha vipande vyake kwa chembe nyingine, nazo hutengeneza kingamwili, askari wa kukamata virusi hai vikija. Askari hao hupungua kadiri miaka inavyopita, kwa wengine upesi zaidi.

"Lakini zipo chembe zinazokumbuka," akasema. "Bado zinamjua adui. Hii inaziamsha tu."

Baada ya wiki mbili majibu yakaja: kinga yake imepanda, imepita hata ya mdogo wake. Akaenda chumba cha matibabu kifua mbele, maneno ya kumkoga yako mdomoni.

Akamkuta mdogo wake anatoka jasho, jibwa lile jeusi limelazwa mezani.

"Afadhali umerudi, dada. Mimi mbwa nawaogopa sana. Kila siku najiuliza wewe unawezaje."

Akavaa glavu, akalishika jibwa shingoni kwa namna anayoijua. Likatulia, ila macho hayakumwacha mdogo wake, na mkia ulikuwa ukimpungia huyohuyo mdogo.

Hilo nalo lilimuuma, lakini kidogo tu. Jioni walikunywa chai pamoja.