Nikitembea Mikono Mitupu Wanauliza Msiba Uko Wapi

Mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifiche, na la mwanangu lifiche zaidi, maana Newala nzima inamfahamu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili. Shule niliishia darasa la nne, lakini nimezaa watoto watano na hakuna hata mmoja anayeomba chumvi kwa jirani. Wa kwanza nitamwita Salumu, ingawa silo lake. Nyinyi mtakaosoma, nisomeni kwa utulivu, maana nimechoka kuchekwa.

Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, Salumu wangu amekuwa mtu. Ana pikapu, ana ghala, mzigo wake unafika mpaka Masasi. Na jambo la kwanza alilofanya si kuongeza mke kama wenzake. Alinijengea nyumba ya bati, na uani kisima cha saruji cha kukingia maji ya mvua. Asiyekaa huku juu hawezi kuelewa. Mimi nimebeba maji kutoka bondeni tangu sijavunja ungo. Alfajiri unashuka, jua likipanda na wewe unapanda, ndoo kichwani. Siku kisima kilipojaa Salumu aliniambia, "Mama, kichwa chako kimestaafu." Nililia mbele za watu, wala sijutii.

Kichwa kikastaafu, na mwili nao ukastaafu. Nikawa mtu wa barazani. Ugali wa muhogo unaletwa, kisamvu kimeungwa karanga, chai ya maziwa na maandazi. Watu wakanisifu nimenawiri, nami nikazidi kunawiri. Nilipopanda kwenye mizani ya korosho pale ghalani, ikasoma tisini na nne. Wapagazi wakasema Mama Salumu kapita gunia, nikacheka nao. Kliniki hawakucheka. Presha ilikuwa juu, na goti la kulia lilinishinda hata kuinuka kwenye sijda.

Kwanza nilifanya ujinga. Nikaacha chakula cha mchana wiki sita, na kila asubuhi naruka kamba ya wajukuu nyuma ya jiko. Nikapungua kilo saba, nikalitangazia soko zima. Goti likavimba, nikalala, nikala. Zile saba zikarudi, zikaja na wageni wawili. Nesi, binti mmoja mgeni huku kwetu, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, haya si mashindano ya kumaliza. Tembea kila siku, njia tambarare, bila mzigo. Anza kidogo, ongeza kidogo. Na chakula usikiache, kipunguze. Hivyo hivyo mpaka uzeeke."

Maneno mepesi. Kumbe kwetu hakuna zito kama hilo.

Siku ya kwanza nilishika barabara ya Mkunya asubuhi, nimevaa khanga zangu na raba alizoniletea Salumu, mikono mitupu, mwendo wa kukaza. Sasa kwetu mwanamke hatembei hivyo. Akitoka ana jembe, ana ndoo, ana kikapu, au ana mtoto mgongoni. Ukimwona asubuhi anakwenda mbio na hana kitu, kapata msiba. Jirani yangu Mama Asha aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba bila kusimama. Nilipogeuka nikamwona nyuma yangu, kajitanda, na nyuma yake wanawake wengine wanne, kimya. Tulipofika kwenye mikorosho akanishika mkono.

"Pole, Mama Salumu. Ni nani?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa, natembea tu. Akauliza nakwenda wapi. Nikasema siendi popote.

"Ungetuambia mapema," akasema. "Mwenzio nimeacha uji motoni."

Mpaka jioni mji mzima ulishasema mali ya mwanangu imenipanda kichwani.

Basi nikachukua ndoo. Hilo ndilo kosa langu na ninaliungama. Mwenye ndoo haulizwi. Nikawa nashuka bondeni, napanda na maji nisiyoyahitaji, nayamimina kwenye kisima kilichojaa. Nilifika themanini na tatu, na sikuongeza hata moja msimu mzima wa korosho. Lakini ule mteremko na ule mzigo vililimaliza goti, likawa kama boga. Na maneno yakamfikia mwanangu. Wakulima walianza kuulizana ghalani kwake, mtu anayemwacha mama yake ateke maji bondeni, mizani yake haitatupunja?

Salumu alikuja, hakupandisha sauti. Alizibeba ndoo zangu zote akazipakia kwenye pikapu. Nikamweleza habari za nesi. Akajibu kwamba kama nataka kwenda mbali, gari lipo. Kisha akasema, "Kaa, Mama. Kukaa kwako ndiko heshima yangu."

Jamani, mtoto huyu sijamwona wa kufanana naye. Lakini heshima yake inaniua. Nimekaa miezi mitatu, mizani imerudi themanini na tisa. Nesi anasema goti limepona kwa kuacha mzigo, ila presha inapanda kwa kuacha kutembea. Nimejaribu kukizunguka kisima uani, mkamwana akawaita wanawe waje wamtazame bibi. Msinielekeze vidonge vya kukonda vinavyouzwa Masasi, dada yangu alivinywa akaishia kuharisha.

Nikitembea, namwaibisha mwanangu. Nikikaa, atanizika mapema, na siku hiyo Mama Asha atatembea barabara ileile, na hatahitaji kuuliza ni nani. Nishaurini, hasa nyinyi kina mama wa mijini: mwanamke mtu mzima anatembeaje bila kwenda popote?