Dawa ya Nguvu Kutoka Majengo

Tulipomzika mke wangu, majirani wa mtaa wetu wa Nkuhungu, wengi wao Wakristo, walinishika mkono mmoja mmoja wakisema, "Mungu akutie nguvu." Sisi tuliotoka Kondoa tumezoea zaidi kuombewa subira. Subira nilikuwa nayo, maana hiyo unakaa tu. Nguvu ndiyo sikuiona ikija.

Kijana mmoja wa mtaani alinipigia saluti. "Mzee, msiba ulikuwa wa nguvu!" Alimaanisha watu walijaa na wali haukuisha. Nikamwambia asante.

Matanga yalipokwisha, shida yangu ikawa asubuhi. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda na ndala moja mguuni, na ile ya pili naitazama tu mpaka jua linaingia dirishani. Dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka Kondoa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona sauti haina nguvu? Nakuja kukuchukua, ukae kwangu."

"Hapana dada, nina nguvu."

"Sikusikii!"

"NINA NGUVU!"

"Amina!" jirani akaitikia nyuma ya ukuta.

Sikutaka kuhama. Katika nyumba ile nilikuwa bado najua mke wangu alipoweka kila kitu, hata sindano. Kwa dada ningekuwa mgeni wa kuonyeshwa kikombe. Lakini angenikuta nimekaa vile na ndala moja, asingeniacha. Nikaenda Majengo sokoni, kwa kijana anayeuza dawa za miti shamba.

"Una dawa ya kuongeza nguvu?"

"Umefika, baba. Tatizo ni kuanza au kuendelea?"

Nikafikiri. "Kuanza. Nikishaanza, naendelea vizuri. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi."

Akanisogelea, akashusha sauti. "Na mama anasemaje?"

"Mama amefariki."

Akaitazama chupa aliyokwisha kuishika, akanitazama mimi. "Pole sana, baba. Basi anza na nusu kijiko."

Chupa ilikuwa na picha ya simba. Maandishi yalikuwa madogo, na mimi shule yangu ni ya maandishi makubwa. Nikaiweka mezani, nikipanga kuanza kesho yake.

Dada alifika kabla sijaionja. Alikagua jiko, akakagua mtungi wa maji, mwisho akasimama mbele ya meza. Yeye anasoma vizuri kuliko mimi.

"Hii nini?"

"Dawa ya nguvu."

Akavuta kiti, akakaa polepole. "Ni nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Mwanamke! Hata udongo wa kaburi haujashuka, wewe umeshanunua simba!"

Hapo ndipo yale maswali ya muuza dawa yaliponifungukia, moja baada ya jingine. Masikio yakawaka moto. Nilitamani kuingia chini ya meza.

Dada aliguna, kisha akanishangaza. "Haya. Na mimi huko nalia, nasema mdogo wangu anakufa kwa majonzi. Kumbe mzima! Kesho narudi na basi, nikawaambie wenzangu waache kukuhurumia."

Nyumba yangu ilikuwa imepona. Nilitakiwa kunyamaza tu, na mimi kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza. Lakini mke wangu hakustahili kusemwa hivyo huko Kondoa, kwamba kasahaulika kabla ya mvua moja.

"Dada, hakuna mwanamke. Nilitaka nguvu za kuamka."

"Za kuamka nani?"

"Mimi mwenyewe. Kitandani. Nivae ndala."

Alinitazama, akaitazama chupa, akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akajifuta macho, akauliza kwa nini siamki.

"Nikiamka lazima nitandike. Upande wake haujakunjamana. Kila siku natandika upande mmoja."

Dada ni mjane wa siku nyingi kuliko mimi. Aliurudisha mtandio kichwani.

"Lala katikati," akasema. "Mimi tangu shemeji yako afariki nalala katikati. Shuka lote linachafuka, unatandika lote."

"Na Kondoa?"

"Kondoa utalala katikati ya kitanda cha nani? Mtu anayekataa kusingiziwa mwanamke ana akili zake. Kaa kwako. Lakini simu yangu upokee."

Nilijaribu. Mwanzoni nilijiona kama mtu aliyelala barabarani. Asubuhi nilishtushwa na mlango ukigongwa kwa nguvu.

"Wewe! Basi litaniacha!"

Jua lilikuwa limeshapanda. Nilitafuta ndala bila kuwaza chochote, tukatoka mbio bila chai, dada akinisema njia nzima. Stendi nilimpandishia mfuko wake garini. Ulikuwa mmoja tu; wangu haukuwepo.